Nguvu ya Rais Imo Katika Viti Vitupu



Sisi tuliopiga kura ya mlolongo mwaka wa 1988 tuna jambo ambalo vijana wetu hawalisadiki tukiwasimulia. Mpiga kura alisimama mchana kweupe nyuma ya mgombea wake au wakala wa mgombea, chifu akimtazama na jirani akimtazama, watu wakahesabiwa kichwa kwa kichwa. Na jioni, pahali pengi, mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa umeushinda ule mrefu. Waheshimiwa waliopatikana kwa hesabu ya namna hiyo ndio waliokwenda kututungia sheria. Nani wakati huo angepoteza wino wake kuandika juu ya uwezo wa Rais wa kuukataa mswada wa Bunge? Angeukataa upi? Chama kilikuwa kimoja kisheria tangu Kifungu cha 2A kilipotiwa katika Katiba mnamo Juni 1982, na mswada uliofika mezani kwa Rais ulikuwa umeondoka mezani humo humo.

Hata hivyo kifungu cha kukataa kilikuwako. Katiba ya zamani, katika Kifungu cha 46, ilimpa Rais siku 21 za kuukubali mswada au kuukataa. Akikataa, alitakiwa katika siku 14 kumwandikia Spika waraka wa kueleza ni sehemu zipi zitazamwe upya na jinsi ambavyo angependa zirekebishwe. Bunge likitaka kushikilia msimamo wake lilihitaji asilimia 65 ya Wabunge wote. Kilikuwa kifungu kilicholala usingizi, maana mtu aliyeshika Kifungu cha 59, akaweza kulivunja Bunge siku aipendayo, hakuwa na haja kubwa ya kulijibu kwa barua. Na sisi tuliodai mageuzi, tangu mahubiri ya Mchungaji Timothy Njoya ya Mwaka Mpya wa 1990 hadi Saba Saba, na kutoka Saba Saba hadi makubaliano ya IPPG mwaka wa 1997, tulipigania mengine: watu kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, leseni za mikutano, Tume ya Uchaguzi, mihula ya Rais. Hili la kura ya turufu lilitupita. Nakiri kwamba mimi mwenyewe sikukisoma Kifungu cha 46 mpaka kilipokuwa karibu kufutwa.

Katiba tuliyoipigia kura tarehe 4 Agosti 2010 ilikichukua kifungu kile, ikakinyoosha na, kwa kukisoma tu, ikakipunguzia makali. Kifungu cha 115 kinampa Rais siku 14. Ama atie sahihi, ama aurudishe mswada Bungeni akieleza mambo asiyoridhika nayo. Akinyamaza mpaka siku hizo zikapita, mswada huhesabiwa kuwa umekubaliwa. Bunge likiupitisha mara ya pili bila kumridhisha, kwa kura za theluthi mbili ya Wabunge wa Bunge la Taifa, na theluthi mbili ya jumbe za kaunti katika Seneti iwapo mswada unaihusu Seneti, basi Rais ana siku saba tu za kutia sahihi. Asipotia, sheria yapita bila yeye. Msomaji wa haraka atasema: hapana neno, mwenye kauli ya mwisho ni Bunge. Nami nilisema hivyo, tena kwa sauti, katika mikutano ya kuelimisha raia kabla ya kura ile ya maoni. Naona sasa kwamba tulisoma maneno tukasahau kuhesabu.

Tuhesabu basi. Bunge la Taifa lina Wabunge 349, Spika akiwekwa kando: 290 wa maeneo ya uwakilishi, wanawake 47 wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa. Theluthi mbili ya hao ni 233. Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 121, yasema akidi ya Bunge la Taifa ni Wabunge 50, na Kifungu cha 122 chasema jambo la kawaida huamuliwa kwa wingi wa waliohudhuria na kupiga kura. Yaani mswada wa kawaida, wenye kutugusa sote kutoka Kiambu hadi Turkana, waweza kupita kwa kura 26 alasiri ya mvua. Lakini kuukataa waraka wa Rais kwahitaji watu 233 waliomo ukumbini, wote wakiwa upande mmoja. Wabunge 117 wakibaki hotelini, au wakienda mazishini, au wakishikwa ghafla na ugonjwa unaopona jioni, waraka wasimama hata kama wote 232 waliobaki wameupinga. Hao 117 hawakusema ndiyo wala la. Hakuna taarifa itakayoonyesha kwamba walimuunga mkono Rais. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika jambo hili moja Katiba yetu imeigeuza methali ile kichwa chini, maana asiyekuwapo huhesabiwa, tena huhesabiwa upande wa Ikulu.

Neno turufu lenyewe tumelitoa katika mchezo wa karata. Turufu ni karata moja inayozishinda nyingine zote, hata ikiwa ndogo. Lakini katika karata kila mchezaji huiona turufu ikitupwa mezani. Hii yetu hutupwa na watu ambao hawako mezani.

Kisha tuutazame waraka. Katiba inasema Rais aurudishe mswada akieleza mambo asiyoridhika nayo. Mtu asiyeridhika na kanzu aliyoshonewa huirudisha kwa fundi, akaonyesha pale panapombana. Hamwinui fundi kwenye cherehani akaketi kushona mwenyewe. Tangu mwaka wa 2013, lakini, tumezoea kuona waraka wa Ikulu ukija na maneno kamili ya sheria: futa hili, weka hili, andika hivi. Nalo Bunge limeshika tafsiri kwamba maneno hayo ya Rais hupita kwa wingi wa kawaida, ilhali kuyakataa, au hata kuyarekebisha kinyume cha matakwa yake, kwahitaji theluthi mbili. Unganisha mambo hayo mawili, waraka ulio na maneno tayari na hesabu ya 233, nawe utaona kwamba hatumzungumzii tena Rais anayekataa sheria. Tunamzungumzia Rais anayeandika sheria.

Mwaka wa 2018 tuliliona jambo hili. Ushuru wa VAT wa asilimia 16 juu ya petroli na dizeli ulikuwa umeahirishwa tangu sheria ya 2013, na sasa ulikuwa uanze Septemba mosi. Mwishoni mwa Agosti Bunge liliamua uahirishwe kwa miaka miwili zaidi. Rais Uhuru Kenyatta aliurudisha Mswada wa Fedha ukiwa na kiwango kipya alichokiandika yeye, asilimia 8. Bunge likaitwa kwa kikao maalumu tarehe 20 Septemba. Kelele zilizosikika siku ile zilikuwa za Wabunge wa pande zote mbili waliotaka kuutupa waraka. Walipohesabiwa waliokuwamo ukumbini hawakutimia 233. Asilimia 8 ikawa sheria. Kila aliyepanda matatu ya Karatina au ya Nanyuki majuma yale anajua hesabu hiyo iliishia mfukoni mwa nani.

Mwaka uliofuata mambo yalikuwa wazi zaidi, na ndiyo ninayotaka tuyakalie kidogo. Wasomaji wenye umri wangu wanazikumbuka riba za miaka ya tisini, zilipopita asilimia 30, na mashamba yaliyopigwa mnada kwa deni lililozaa kuliko mbuzi. Ndiyo maana mswada wa Mheshimiwa Joe Donde, Mbunge wa Gem, ulipendwa sana hapa kwetu ingawa uliishia kukwama mahakamani. Miaka 15 baadaye Mheshimiwa Jude Njomo wa Kiambu Mjini aliuleta mwingine wa namna ile ile: riba ya mkopo isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mnamo 24 Agosti 2016 Rais Kenyatta, ambaye wengi walidhani angeukataa, aliutia sahihi. Siku ile nilimsifu, wala sijutii.

Katika bajeti ya 2019 Hazina Kuu ilipendekeza kikomo hicho cha riba kiondolewe. Bunge lililisikiliza pendekezo hilo, likalikataa, likaupitisha Mswada wa Fedha bila ya hilo. Mnamo Oktoba Rais akaurudisha mswada, na katika waraka wake akataka Kifungu cha 33B cha Sheria ya Benki, yaani kikomo chenyewe, kifutwe. Mnamo Novemba Wabunge walitakiwa wajitokeze 233 kama walitaka kushikilia uamuzi wao. Hawakujitokeza. Mapendekezo ya Rais yakapita, sahihi ikatiwa, kikomo kikaisha.

Fikirini maana yake, ndugu zangu. Jambo lililofukuzwa mlangoni lilirudi kwa dirisha likiwa na muhuri wa Ikulu, na safari hii Bunge halikuhitaji kulikubali. Ilitosha Bunge lisihudhurie.

Sibishani hapa na wachumi. Wako waliosema, na huenda walisema kweli, kwamba kikomo kile kilizifanya benki ziwanyime mikopo wachuuzi na wakulima wadogo, zikaona ni heri kuikopesha Serikali isiyokimbia na deni. Mkulima wa kahawa aliyenyimwa mkopo wa asilimia 14 hakufaidika na hiyo asilimia 14. Katika chama chetu cha kuweka na kukopa hapa Skuta wako waliofurahi kikomo kilipoondolewa na wako walionuna, na mazungumzo yetu baada ya ibada Jumapili moja ya Novemba ile yalichukua muda mrefu hata chai ikapoa. Jambo moja tu lilitunyamazisha sote. Mzee mmoja aliuliza: Mbunge wetu alipiga kura gani? Hakuna aliyejua. Si kwamba tulikuwa wavivu wa kusoma magazeti. Hapakuwa na kitu cha kujua. Hata angalikuwa mpinzani mkubwa wa benki majukwaani, siku yenyewe ingalimtosha kubaki nyumbani, akairudisha riba mahali pake bila ya kufungua kinywa, kisha akaja kwetu kulia pamoja nasi.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani nataka Rais anyang'anywe kalamu. Jirani yetu wa Othaya, marehemu Mwai Kibaki, alionyesha jinsi ya kuitumia. Mnamo Agosti 2007, baada ya waandishi wa habari kuandamana Nairobi wakiwa wamejiziba vinywa, aliurudisha mswada wa vyombo vya habari kwa sababu ya kipengele kilichowalazimisha wawataje waliowapa habari. Mnamo Oktoba 2012 Wabunge walikuwa wamejiandikia kiinua mgongo cha takriban shilingi milioni 9.3 kila mmoja, nchi ikiwa na walimu na madaktari waliotoka kugoma, naye akakataa. Wakarudia Januari 2013, akakataa tena. Katika visa hivyo alisema kwa nini hakuridhika, akalitaja lililombana, na hakuleta jambo jipya la kwake. (Mkono uo huo, nisisahau, ulitia sahihi sheria ya mawasiliano mwishoni mwa 2008, waandishi wakililia lango la Ikulu. Sifa za mtu wa kwetu zisituzibe macho.) Bunge lenye njaa lahitaji mtu wa kulishika mkono. Katiba isiyompa Rais njia ya kusema hapana ingetuacha mikononi mwa wale wa milioni 9.3.

Na 26 Juni 2024 je? Najua msomaji kijana amekuwa akiningoja hapo. Siku iliyotangulia Wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha dhidi ya 106, vijana wakaingia katika majengo ya Bunge, na katika nchi nzima, mji wetu wa Nyeri ukiwamo, watoto wetu walikuwa barabarani na bendera mabegani. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi, akaurudisha akitaka vipengele vyote vifutwe. Wako waliosherehekea kalamu ile. Mimi sikusherehekea. Makumi ya vijana walikuwa wamekufa au walikuwa wanakufa katika siku zile, na haikuwa hekima ya Kifungu cha 115 iliyousukuma mkono wa Rais. Kisha itazameni hesabu: hao 195 waliosema ndiyo hawakufika 233. Hata wangalikuwa na ushupavu wa kushikilia walilolipitisha saa chache kabla, hawangeweza, na kwa kweli hakuna aliyejaribu. Bunge lilisema ndiyo kwa sababu Ikulu ilitaka, likanyamaza kwa sababu Ikulu imebadili nia. Mwezi wa Desemba, sheria za kodi zilizotiwa sahihi tarehe 11 zilirudisha baadhi ya yale yaliyokuwamo katika mswada uliozikwa Juni. Je, barabara zilijaa tena? Hazikujaa. Watu walikuwa wanajiandaa kwa Krismasi.

Wengine wataniambia kwamba mambo ni hayo hayo kila mahali. Si hivyo. Majirani zetu wa Tanzania, katika Ibara ya 97 ya Katiba yao, wana hesabu ngumu kuliko yetu: mswada uliokataliwa haurudi kwa Rais kabla ya miezi sita isipokuwa theluthi mbili ya Wabunge wote wauunge mkono, na ukirudi kwa nguvu hiyo, Rais ama aukubali katika siku 21 ama alivunje Bunge. Ni karata ya kutisha, lakini inachezwa hadharani, na Rais anayeicheza sharti naye arudi kwa wapiga kura. Marekani theluthi mbili inayohitajika katika kila Baraza ni ya wale waliohudhuria na kupiga kura. Asiyekuwapo huko hamsaidii mtu. Na Rais wao hueleza pingamizi lake, haandiki kifungu badala ya Baraza. Uingereza, tuliyoirithi mavazi ya Spika na ile rungu, mfalme au malkia hajaukataa mswada tangu Malkia Anne alipofanya hivyo mwaka wa 1708. Hawahitaji. Waziri Mkuu wao anaketi ndani ya Bunge, anaulizwa maswali, anazomewa, na siku akikosa wingi wa kura huenda nyumbani.

Hapo ndipo penye kiini cha taabu yetu. Sisi tulianza mwaka wa 1963 na Waziri Mkuu aliyeketi Bungeni. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 12 Desemba 1964, tukampata Rais mtendaji. Wataalamu walioandika rasimu ya Katiba mpya walikuwa wamependekeza Waziri Mkuu arudi, lakini Wabunge waliokutana Naivasha Januari 2010 wakalifuta hilo, wakachagua Rais aliye nje ya Bunge kabisa. Uchaguzi huo una hoja zake na sitaufukua hapa. Lakini aliyechagua kumtenga Rais na Bunge angeutenga na waraka wake. Tulicho nacho ni Rais asiyeulizwa swali hata moja katika ukumbi ule, asiyekuwa Mbunge, ambaye maneno yake yakishaingia humo yanalindwa kuliko maneno ya Mbunge yeyote. Rekebisho la Mheshimiwa wa Tetu au wa Garsen huangushwa kwa kura moja ya wingi. Rekebisho la asiyekuwa Mbunge huangushwa kwa 233.

Jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba Rais ndiye pekee aliyechaguliwa na nchi nzima, hivyo ana haki ya kusikizwa kuliko Mheshimiwa aliyetumwa na eneo moja. Nakubali kwamba asikizwe. Ndiyo maana ana siku 14, ana washauri, ana Mwanasheria Mkuu, na ana haki ya kuusimamisha mswada ambao nchi nzima, akiwamo mjane wa Kieni, ingeupata hasara. Lakini Kifungu cha 94 kimesema waziwazi kwamba hapana mtu wala chombo, isipokuwa Bunge, chenye uwezo wa kutunga sheria ila kwa mamlaka ya Katiba au ya sheria. Kuchaguliwa na wengi hakumpi mtu kazi ya mwingine. Mwenyekiti wa ushirika wetu wa kahawa huchaguliwa na wanachama wote. Hata hivyo siye anayepima kilo kiwandani.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka habari za shamba la mizabibu la Nabothi. Yezebeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee wa mji. Tumezoea kumlaani Yezebeli na kumhurumia Nabothi, na tunafanya vyema. Mara chache nimesikia mahubiri juu ya wazee. Walikuwa wengi, walimjua Nabothi, waliishi naye mji mmoja; barua ilipofika wakafanya kama ilivyoandikwa. Hakuna aliyeuliza swali, wala hakuna jina la mzee hata mmoja lililohifadhiwa.

Nini basi kifanyike? La kwanza halihitaji kuibadili Katiba. Spika wa Bunge la Taifa anaweza kuamua kwamba waraka unaoleta jambo ambalo halikuwamo katika mswada, au jambo ambalo Bunge lilikwisha kulikataa, si maelezo ya kutoridhika bali ni mswada mpya, na uende ukapite njia ya miswada. Uamuzi wa Spika ndio ulioijenga tafsiri ya sasa. Uamuzi wa Spika waweza kuibomoa. Tena Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika utungaji wa sheria. Mswada unapoletwa mara ya kwanza hutangazwa magazetini nasi huitwa kutoa maoni. Waraka wa Rais ukija, ingawa una maneno mapya, ni nani aliyewahi kuitwa kuutolea maoni? Hoja hii inafaa kuandikwa katika ombi rasmi kwa Bunge, haki ambayo Kifungu cha 119 kimempa kila mtu, na nashangaa kwamba sisi wapenda mageuzi tumeandika maombi juu ya mengi tukaliacha hili. Kuibadili hesabu yenyewe, iwe theluthi mbili ya waliopiga kura, kutahitaji marekebisho ya Katiba, na baada ya kelele za BBI najua wengi hamtaki kulisikia neno hilo. Sawa. Lisubiri.

Lisiloweza kusubiri ni kuhesabu viti. Tazameni jinsi tunavyoendesha harakati zetu. Mswada mbaya ukipita, tunaelekeza macho Ikulu: Rais asitie sahihi. Mswada mwema ukipita, tunaelekeza macho Ikulu: Rais atie sahihi. Siku 14 zote tunapiga magoti mbele ya kalamu. Waraka ukishatoka tunakunja mabango na kurudi nyumbani, wakati ambapo hesabu ya 233 ndiyo kwanza inaanza na Waheshimiwa ndio wanaoanza kutafuta sababu za kusafiri. Juma hilo la pili, ambalo hatuna maandamano wala mikesha ya maombi, ndilo juma ambalo sheria huandikwa.

Kaunti yetu ya Nyeri ina viti saba katika Bunge la Taifa: Tetu, Kieni, Mathira, Othaya, Mukurwe-ini, Nyeri Mjini, na kile cha Mwakilishi wa Wanawake. Si vingi, lakini mwaka wa 2018 na wa 2019 kila kiti kilichokuwa tupu, cha kwetu na cha kwingineko, kilikuwa kura. Ombi langu kwa vikundi vya haki na amani vya makanisa yetu, ya madhehebu yote, ni dogo. Kila waraka wa Rais unapoletwa Bungeni, mtu mmoja apewe zamu ya kufuatilia kikao, ahesabu wetu saba, na aandike kwenye karatasi moja: mswada gani, siku gani, nani alikuwapo, nani hakuwapo, na aliyekuwapo alipiga kura upande gani. Mheshimiwa akiwa alikuwa mgonjwa kweli, aandikwe kuwa alikuwa mgonjwa, na aombewe. Karatasi hiyo isiwe na matusi wala maoni.

Waheshimiwa huja kanisani. Siku hizi madhehebu mengi yamewanyima mimbari, jambo jema, lakini bado huketi kiti cha mbele na kupita mlangoni wakitoka. Pale mlangoni, kwetu Skuta, pana ubao wa matangazo. Nimeupima kwa macho Jumapili iliyopita: kati ya ndoa zitakazofungwa na zamu za kufagia ua pana nafasi ya karatasi moja.